Mwili Wako Unaishia Wapi?

(Maandishi ya somo lililosomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Penye maneno "kimya kidogo", kiongozi wa darasa asubiri mpaka wanafunzi wote wamekwisha kujaribu, ndipo aendelee kusoma.)

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana penseli na daftari yake. Leo hatutaanza kwa kusoma wala kwa kuandika. Tutaanza kwa kufumba macho.

Haya, fumba macho yako. Nyosha mkono wa kulia mbele yako, kisha uurudishe polepole mpaka ncha ya kidole iguse ncha ya pua. (Kimya kidogo.)

Umeweza? Nadhani wengi wameweza, au wamekosea kidogo tu wakagusa mdomo. Sasa niambie, ni nani aliyekuonyesha njia? Macho yalikuwa yamefumbwa, na hakuna mtu aliyekushika mkono. Tumezoea kusema kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Lakini habari kubwa ya safari ya mkono wako haikupita katika milango hiyo. Ilitoka ndani ya misuli na maungio ya mkono wenyewe. Humo mna mishipa midogo ya fahamu ambayo kazi yake ni kupeleka habari kwenye ubongo usiku na mchana: sasa kiwiko kimekunjwa, sasa kimenyoka, sasa kidole kimeinuka. Ubongo huziweka pamoja na habari zitokazo ndani ya sikio, zisemazo kama kichwa kimeinama au kimesimama wima. Kwa njia hiyo ubongo hujua mwili umekaaje, hata gizani.

Basi, hilo la kwanza. La pili ni hili. Fumba macho tena. Shika penseli kama unavyoishika ukitaka kuandika, uikokote juu ya karatasi, kisha juu ya meza, kisha juu ya nguo yako. (Kimya kidogo.)

Waonaje? Karatasi ni laini, meza ina mikwaruzo, na nguo inakwama kwama. Lakini angalia jambo moja. Vidole vyako havikugusa karatasi. Viligusa penseli tu, tena kwa upande wa juu. Hata hivyo wewe waihisi karatasi kule chini, kwenye ncha, mahali ambapo huna ngozi wala mshipa wa fahamu. Penseli ni kijiti tu. Ni nani aliyekipa kijiti fahamu?

Kumbuka siku za kwanza ulipoingia darasani. Penseli ilikuwa nzito kuliko jembe. Ulivifikiria vidole: hiki kikae hapa, hiki kibane pale, na jasho likakutoka kwa herufi moja. Leo huvifikirii vidole tena, waifikiria herufi. Penseli imekwisha ingia mwilini mwako.

Kwa hiyo swali la somo letu ndilo hilo: mwili wa mtu unaishia wapi? Mtu atajibu upesi kwamba unaishia kwenye ngozi. Jibu hilo ni sawa kwa fundi cherehani anayekupima shati. Kwa ubongo halitoshi.

Ubongo hauhesabu mwili peke yake. Huuzungushia mwili eneo fulani, kama nyumba ilivyo na ua. Ua si nyumba, lakini pia si njia ya kila mtu. Mgeni akiingia uani, mwenye nyumba hujua kabla hajafika mlangoni. Ua huo wa mwili hufika kiasi cha urefu wa mkono, na karibu na uso ni mfupi zaidi. Nzi akiirukia kope yako, jicho hufumba kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Na jirani yako akileta kiganja polepole karibu na shavu lako bila kugusa, huenda ukahisi kama mwasho mdogo. Jaribuni mkitaka, lakini msicheke sana, redio inaendelea.

Jambo hili si maneno ya kubuni. Mwaka 1981 wataalamu wa mji wa Parma, nchini Italia, wakiwa pamoja na Giacomo Rizzolatti, waliandika habari za seli walizozichunguza katika ubongo wa nyani wadogo. Seli ni chembe ndogo hai ambazo kwazo mwili wote umejengwa, na ubongo wa mtu una seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Waliona kwamba seli moja iliamka nyani alipoguswa usoni. Hilo halikuwashangaza. Kilichowashangaza ni kwamba seli ileile iliamka pia nyani alipoona kitu kinakaribia uso wake bila kuugusa. Kitu kilipokuwa mbali, seli ilinyamaza. Baadaye wengine huko Marekani waliona kwamba zile seli zinazolinda mkono huufuata mkono. Mkono ukienda kulia, ua wake nao huenda kulia. Na tangu hapo dalili nyingi zimepatikana kwamba ubongo wa mwanadamu nao hufanya vivyo hivyo.

Sasa tutoke darasani, tupande mlimani.

Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari. Nyuma yake imesimama milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana toka mjini, kina mita 2,138, na Kimhandu, ulio kusini zaidi, umepita mita 2,600. Watu wa milimani hulima kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kusimama. Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, akina mama huteremka kwa vijia vyembamba kuleta mboga na ndizi katika soko la Chifu Kingalu mjini. Tenga liko kichwani, juu ya ngata. Mkono mmoja pengine umelishika, pengine haukulishika.

Mtazame mama huyo anapofika penye tawi lililoinamia njia. Kichwa chake mwenyewe kingepita bila taabu. Tenga halitapita. Naye hakuinua macho kulitazama tenga, maana akiinua macho tenga litaanguka. Hupinda magoti kidogo, shingo imenyoka, akapita, akasimama tena. Kati ya tenga na tawi hubaki upana wa vidole viwili. Akikutana na mwenzake mwenye mzigo, hugeuza nyonga, na matenga hupishana bila kugusana, huku salamu zinaendelea. Mimi nilipojitwisha tenga la namna hiyo, kwa maneno ya kujigamba tu, niligonga matawi yote mpaka nikaombwa nilishushe.

Mama huyo hakupima kwa rula. Ubongo wake umekwisha liingiza tenga katika hesabu ya mwili. Anapokuwa na mzigo, utosi wake hauko pale ulipo utosi. Uko juu ya kabichi.

Mwaka 1911 madaktari wawili wa London, Henry Head na Gordon Holmes, waliandika kwamba ubongo una hesabu ya mwili ambayo hurekebishwa kila mara, na kwamba vitu tunavyovichukua huingia katika hesabu hiyo. Walitoa mfano wa wanawake wa mji wao, waliovaa kofia zenye unyoya mrefu kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Mwanamke aliyezoea kofia yake, walisema, fahamu zake hufika mpaka kwenye ule unyoya. Madaktari hao hawakuandika habari za Uluguru. Wangalimwona mama wa tenga, nadhani wangaliuacha ule unyoya.

Lakini je, kitu huingiaje mwilini? Yatosha kukishika tu? Mwaka 1996 wataalamu wa Japani, Atsushi Iriki na wenzake, walitoa jibu zuri sana. Waliwafundisha nyani kutumia reki ndogo ili kuvuta chakula kilichowekwa mbali na mkono. Kazi hiyo si ya asili kwa nyani hao, iliwabidi wafundishwe kwanza. Kisha wakazichunguza seli zinazolinda mkono. Kabla ya kazi, seli ziliamka kitu kilipokaribia mkono. Baada ya nyani kuvuta chakula kwa reki kwa dakika chache, seli zilezile ziliamka kitu kilipokaribia reki, mpaka mwisho wake. Ua ulikuwa umenyoshwa. Na nyani alipoishika reki bila nia ya kuvuta chochote, ua ulirudi kwenye mkono. Kwa hiyo kushika si kutumia. Chombo huingia mwilini kwa mlango wa kazi.

Hapa nataka wazee wanisikilize, na wale wenye wazee nyumbani. Mwaka 2007 wataalamu wengine wa Italia waliwapima watu wasioona wanaotembea kwa fimbo kila siku. Mara tu mtu huyo alipoishika fimbo yake, ubongo wake uliulinda ule mwisho wa fimbo kama unavyoulinda mkono. Alipoiweka chini, ua ulirudi mkononi. Kisha wakawapa fimbo watu wanaoona, wakawafunga macho, wakawafundisha kwa dakika kama kumi. Nao ua wao ulinyoka. Lakini siku ya pili ulikuwa umekwisha rudi ulivyokuwa. Maana yake ni nini? Mzee aliyepewa mkongojo mpya asiuamini siku ya kwanza penye korongo. Autumie kwanza uani, kila siku, mpaka asiufikirie tena. Hali kadhalika dereva wa bodaboda anayeteremka kutoka Kinole, mikungu ya ndizi imefungwa kwa upana nyuma yake. Mwili wake waijua pikipiki, maana ameiendesha miaka. Ndizi za leo asubuhi bado hauzijui. Aende polepole mwanzoni, na penye watu awaache mbali kuliko anavyodhani yatosha.

Tena ua huu una mpaka wake. Ni wa hatua moja tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Linapoingia uani mwa mwili wako, huna nafasi tena ya kuruka. Kwa hiyo mtu avukaye barabara kuu ya Dar es Salaam asingoje mwili umwambie. Hapo ni kazi ya macho na akili.

Kabla sijaendelea, maana najua watu wa Morogoro wataniuliza: na panya je? Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika moja la Uingereza. Kazi yao ni ya pua. Lakini jamii ya panya nao wana ua wao, na ua huo ni sharubu. Panya atembeapo gizani hutikisa sharubu mbele yake, akapapasa ukuta kabla ya kuugonga. Na ni panya wa maabara waliowafundisha wataalamu kwamba ubongo una ramani. Mwaka 1971 John O'Keefe wa London alieleza seli ambazo huamka panya anapofika mahali fulani tu, kona hii na si ile. Mwaka 2014 yeye pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norwe walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ramani hiyo ndiyo ikurudishayo nyumbani toka sokoni. Lakini hiyo ni habari nyingine, ina sehemu yake ya ubongo, nasi leo tuko uani.

Nimewaeleza jinsi ua unavyonyoka. Sasa niwaeleze unavyobomoka. Habari hii ni ya nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo hukaa kijiji kimoja cha milimani, upande wa Matombo. Asubuhi moja aliamka mdomo umepinda, na mkono wa kushoto umelegea. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki kadhaa. Aliporudi nyumbani alitembea kwa mkongojo, alizungumza vizuri, na alikumbuka kila mtu aliyekuwa na deni lake. Tukamshukuru Mungu, tukadhani taabu imekwisha.

Kumbe ndipo ilipoanza. Siku ya tatu aligombana na mama mdogo kwa sababu ya chakula. Alisema anapunjwa. Mama mdogo aliutazama ubao wa ugali, akaona nusu ya kulia imekwisha na nusu ya kushoto haijaguswa, na mboga iko palepale. Akasema, "Chakula hiki hapa, baba." Yeye akajibu kwamba hataki mzaha. Walikuwa wameoana miaka mingi, na neno hilo lilimchoma mama mdogo. Kisha likaja jambo la ndevu. Alinyoa upande wa kulia vizuri kabisa, akaweka wembe chini, akatoka nje. Watoto walicheka, akawafokea. Akipita mlangoni aliugonga mwimo kwa bega la kushoto. Jirani akimwamkia kutoka kushoto, hakuitikia, na kwetu mtu asiyeitikia salamu huhesabiwa ana kiburi. Wengine wakasema amebadilika kwa sababu ya ugonjwa. Wengine walianza kumtaja mtu aliyemroga.

Aliyegundua ni mjukuu wake. Alimletea gazeti amsomee habari, maana baba mdogo alijifunza kusoma ukubwani kama ninyi, na alijivunia sana. Akasoma, akakasirika. "Gazeti hili wameliandika walevi," akasema, "halina maana." Mtoto akasogea akafuata kidole chake. Babu alikuwa anaanza kila mstari katikati. Palipoandikwa MOROGORO, yeye alisoma GORO.

Siku ile mama mdogo alifanya jambo moja dogo. Baba mdogo alipoacha kula, aliushika ule ubao wa ugali akauzungusha, upande wa kushoto ukaja kulia. Baba mdogo akautazama. "Ee," akasema, "sasa umeniongezea." Akala akamaliza. Mama mdogo aliingia ndani akalia. Hakulia kwa hasira. Alijua sasa kwamba mumewe hakuwa amemtukana. Mumewe hakuiona ile nusu.

Wanafunzi, sikilizeni vizuri hapa. Macho ya baba mdogo yalikuwa mazima. Hakuwa mkaidi, wala mwenye kiburi. Ubongo una nusu mbili, na nusu ya kulia ndiyo inayousimamia upande wa kushoto wa mwili. Vilevile ina kazi kubwa katika kuangalia eneo linalotuzunguka. Wataalamu wengi husema nusu ya kulia huangalia pande zote mbili, lakini nusu ya kushoto huangalia zaidi upande wa kulia. Kwa hiyo nusu ya kulia ikiharibiwa na kiharusi, upande wa kushoto hubaki bila mlinzi. Mtu hauoni weusi pale, kama aonavyo mtu aliyefumba macho. Kwake yeye upande ule haupo, kama vile kwako wewe sasa hakuna kitu cha kuona nyuma ya kisogo chako. Ndiyo maana hawezi kujua kwamba amepungukiwa.

Upungufu huo huingia hata katika mawazo. Mwaka 1978, katika mji wa Milano, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaambia wagonjwa wawili wa namna hii wafikiri wamesimama katika uwanja mkuu wa mji, wakilitazama kanisa kubwa, wataje majengo yote. Walikuwa wanaujua uwanja huo tangu zamani. Wakataja ya upande wa kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaambiwa, sasa fikirini mmesimama mlangoni mwa kanisa, mkiutazama uwanja. Wakayataja yale waliyoyaacha mwanzo, ambayo sasa yalikuwa kulia, na wakayasahau yale waliyokwisha yataja. Ni kama mtu asimame Msamvu akiielekea milima ataje nusu ya mji, kisha asimame juu ya Morningside ataje nusu nyingine. Mji wote umo kichwani mwake. Lakini kila mara hufungua dirisha moja tu.

Na ule ua tuliouzungumza, wa mkono na fimbo? Mwaka 2000 Anna Berti na Francesca Frassinetti wa Italia walieleza habari za mwanamke mmoja mwenye ugonjwa huu. Walimpa mistari iliyochorwa, aonyeshe katikati ya kila mstari. Mstari ulipokuwa karibu naye, alikosea sana, akaonyesha upande wa kulia, maana sehemu ya kushoto haikuwapo kwake. Mstari ulipowekwa mbali, akaonyesha kwa kurunzi ndogo ya mwanga, alipatia vizuri. Ugonjwa wake ulikuwa wa uani tu. Kisha wakampa fimbo ndefu ya kuufikia ule mstari wa mbali. Akakosea tena kama mwanzo! Fimbo ilikuwa imeuvuta mbali ukawa karibu, na palipofika ua wake, ugonjwa nao ulifika.

Niliposoma habari hiyo niliufikiria mkongojo wa baba mdogo, na kile kijia cha kwenda kwake. Mtu akipanda kwenda nyumbani, korongo liko kushoto.

Basi yafaa mjue tulivyofanya, kama tulivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi wa hospitali. Penye korongo hapiti peke yake. Mtu mmoja hutembea kushoto kwake, tena akizungumza, ili sauti imvute aelekeze uso huko. Chai ya moto na jiko haviwekwi kushoto. Ukingoni mwa kila ukurasa, upande wa kushoto, mjukuu humchorea mstari mwekundu, na sheria ni kwamba haruhusiwi kuanza kusoma mpaka auone wekundu. Ubao wa ugali huzungushwa, lakini mama mdogo humwambia kwanza, "Tafuta kushoto," naye hugeuza kichwa atafute mwenyewe, maana kumzungushia kila siku hakumfundishi. Majirani walielezwa, na sasa humwamkia kwa mbele. Miezi ilipita, na hali yake ilipata nafuu. Husoma mistari mizima, ingawa jioni akichoka bado hupoteza maneno ya mwanzo. Wagonjwa wengi hupata nafuu namna hiyo, wengine kidogo, wengine zaidi.

Na neno moja la haraka. Ukiona mtu uso umepinda ghafula, mkono mmoja umelegea, au maneno yake yamekorogeka, usingoje kupambazuke wala usianze kutafuta mchawi. Mpeleke hospitali saa ileile, kwa maana ubongo usiopata damu hufa kwa dakika, na dawa nyingine hazifai tena baada ya saa chache. Na mwenye shinikizo kubwa la damu asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Baba mdogo aliziacha kwa sababu hiyo.

Sasa kazi ya wiki hii. Kila mtu achore mstari mrefu wa kulala katika daftari yake, bila kuupima, kisha kwa jicho tu aweke alama pale anapoona ni katikati. Halafu kwa uzi apime upande wa kushoto na upande wa kulia, aandike ni upi ulio mfupi. Watu wazima wenye afya mara nyingi huweka alama kushoto kidogo ya katikati yenyewe. Wanafunzi wanaotwika mizigo waandike pia sentensi tatu: walianza kutwika wakiwa na umri gani, nani aliwafundisha, na siku ya kwanza waligonga nini. Kiongozi wa darasa azikusanye tutakapokutana tena.

Kwaherini.